Mishale ya Msumbiji

Papa wangu,

Papa mdogo amekuja asubuhi hii na jembe begani, anataka tukuzike Jumamosi. Nakuandikia kabla sijamjibu.

Mwili hatuna. Ulikwenda Walikale na huu ni mwaka wa pili hujarudi. Kwa hiyo tutafanya kama watu wetu wanavyomfanyia aliyepotelea mbali: tutakata shina la mgomba, tulifunge shuka, tulishushe kaburini kwa jina lako. Ndugu yako anataka na kopo lako la sarafu liwekwe humo.

“Mutoto, tunangoja nini tena?” ameniambia. “Papa yako alipenda hizi feza kuliko sisi wote. Aende nazo.”

Nilicheka kidogo, maana ni kweli. Ulianza kuziokota ujanani, ulipofanya kazi kwenye malori ya Dilolo, mpakani na Angola. Wareno walipoondoka, pesa zao zikawa hazinunui hata chumvi, nawe ukazichambua zile za fedha tupu. Ya Angola ina tembo na pundamilia. Ya São Tomé ulibadilishana na padri mmoja kwa mbuzi, Mama akanuna wiki nzima. Nikiwa mdogo ulinipakata, ukaweka kidole changu juu ya ile ya Msumbiji nihesabu mishale yake saba. Na kila mara ulituonya tusizisafishe, “Musizifule. Ile weusi njo myaka yake.”

Nilikuwa mtu mzima, Papa, sina kisingizio. Ilikuwa siku moja kabla ya Noeli, sufuria zote ziko nje, tunazisugua kwa majivu na mchanga kama kila mwaka. Paroko angekuja kula kwetu Muheto, nawe ungemwonyesha sarafu zako. Nikaona aibu kwa weusi ule. Nilianza na ya Msumbiji. Iling'aa kama kijiko kipya, nikafurahi, halafu nikaona mishale imebaki mikwaruzo mitupu.

Hukunigombeza. Heri ungenigombeza. Uliipangusa kwa shati, ukasema tu, “Iko muntu kule Walikale, karibu na Bisie, ana ingine.” Mama alikukataza kwa sababu njia ilikuwa mbaya, lakini ukaidi wako tunaujua. Mwaka ulipoanza ukapanda pikipiki. Wiki ile ile vita vikafunga barabara, na baadaye yule mtu alituma neno kwamba hakukuona kabisa.

Hukumwambia Mama nilichofanya, naye anadhani ulikwenda kwa tamaa yako ya kukusanya. Nimemwacha adhani hivyo. Kabla ya leo Papa mdogo ametaka kukuzika mara mbili, na mara zote mbili mimi ndiye niliyekataa. Majirani wanasifu upendo wangu. Ni woga, Papa. Usipozikwa, basi sijakuua.

Lakini Mama amechoka. Wamama wa kanisa hawajui wamsalimie vipi, kama mke ama kama mjane. Jana alishika koti lako, akaniuliza kama anaruhusiwa kulia. Sikuweza kumtazama.

Leo nitamwambia habari ya majivu na mchanga, kisha nitamkubalia Papa mdogo. Nisamehe. Jumamosi nitakuzika, na mpaka sasa sijui kama umekufa.

Mimi,
binti yako mkubwa