Bingwa Kaniomba Mazoezi

Shosti, acha chochote unachofanya usome hapa.

Nimempiga Bingwa! Ndiyo, yule yule aliyesema kikundi chetu cha Jumamosi ni cha kupiga soga, si cha karata. Nimempiga nusu fainali ya mashindano, pale duka linalouza hizi karata zetu za mapambano, watu wamejaa nyuma yetu.

Na mdomo wake huo! Mimi nawaza, yeye anawahubiria watazamaji makosa yangu. "Oneni, sasa hivi atamtoa joka. Wanaoanza hawana subira."

Nikakumbuka ulichonifundisha. Nikambana joka wangu mkononi, karata yangu kali kuliko zote, mpaka Bingwa akamaliza karata zake zote za kujikinga. Ndipo nikamshusha. Kwisha habari yake!

Unajua alisema nini? "Bahati tu." BAHATI! Mkono nimemnyooshea, hata hakuutazama. Akamwita mwamuzi akague karata zangu, eti huenda nimeiba. Mwamuzi akazipitia moja moja, akamwambia, "Kaka, hapa hakuna wizi. Umefungwa." Watu walicheka hadi nikaona aibu kwa niaba yake.

Sasa sikia kioja. Natoka, akanifuata mlangoni, kanywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Dada, hivi unafanya mazoezi na nani?"

"Na rafiki yangu. Nikikosea ananiambia, nami nasikiliza."

"Naweza kuja?"

Mtu mzima na ndevu zake! Nilitaka kumfukuza, shosti. Lakini fainali nimechapwa vibaya, na Bingwa ana mbinu ambazo sisi hatuna. Nimemkubalia. Kumfundisha adabu nimekuachia wewe.