Wajina Wako Ana Ndugu

Garissa,
19 Februari 1967

Kwako Mwaitu, mama yangu mzazi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mutonguni, wewe na wote wa boma. Mguu unaendeleaje? Sisi tu wazima, joto na vumbi tumeshavizoea. Justus, wewe unayemsomea mama, soma yote kama nilivyoandika. Ukiruka mstari nitajua kwa majibu.

Mwaitu, uliagiza niwalete watoto kwa msafara wa malori wa mwezi huu kwa sababu ya waasi hawa, shifta. Msafara umeondoka Jumatatu na sikupanda. Mume wangu Mutiso alikuwa ameshatuandikisha nafasi, nikamwambia aifute. Hasira zako nazijua, lakini nisikilize kwanza.

Kulea huku si mchezo. Syombua hachezi uani tangu asikie bunduki. Ananishika gauni hata nikienda chooni. Kuna siku nampenda mpaka machozi yananitoka, na kuna siku nilimzaba kofi kwa uji aliomwaga, kisha tukaketi sakafuni tukalia wote wawili. Jirani mmoja aliniambia mama mwema hakasiriki. Na aje akae na wangu wiki moja.

Mwikali mdogo, wajina wako, ndiye mwenye habari. Ulisifu mashavu yake kwenye picha, ukasema nina maziwa kama yako. Si yangu, Mwaitu. Alipokuwa wa wiki sita nilishikwa na malaria, na nilipoinuka kifua kilikuwa kimekauka. Maziwa ya kopo aliyatapika, akabaki mifupa. Rahmo, mama wa Kisomali aliyekuwa akituletea maziwa ya mbuzi, alimwona hivyo. Aliketi pale mlangoni akamnyonyesha, mwanawe Bare akiwa mgongoni.

Kuanzia hapo nikawa nampeleka kwake. Mama mkwe wake, Bi Sharifo, alikunja kidole kila mtoto aliposhiba, nami nikachukia, nikidhani anatafuta la kunisimanga. Alipofika kidole cha mwisho akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali, "Imebata tano. Hii mtoto na Bare sasa ni walaal, ni ndugu. Kuoana hakuna." Kumbe alikuwa akihesabu undugu. Kwa dini yao, wanaonyonya kwa mama mmoja hivyo ni ndugu mpaka kufa.

Na wivu uliniuma, sitakuficha. Mtoto alimchekea Rahmo kabla hajanichekea mimi niliyemzaa. Nikamfungia ndani siku mbili, nikamlazimisha kopo, mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu nilimbeba mchana kweupe nikapita mbele ya askari hadi kwa Rahmo. Wanawake wa nyumba za serikali wakasema mtoto wa karani ananyonya kwa shifta. Nikawaambia mwenye maziwa kati yao ajitokeze.

Lililobaki hata Mutiso amelijua jana tu. Serikali inawahamishia Wasomali kwenye vijiji vya kuzungushiwa waya, na Rahmo alikuwa ameandikwa kijiji cha mbali, safari ya siku nzima kwa lori. Nilikwenda kwa afisa na watoto wote watatu, wangu wawili na Bare, nikamwambia Rahmo ni dada yangu na haendi huko. Akacheka, akauliza Mkamba na Msomali walizaliwa tumbo gani. Nikamjibu kwamba watoto wetu wamenyonya titi moja, aandike hivyo hivyo. Aliandika, akamwacha hapa mjini, lakini akanitaka nitie sahihi: Rahmo akipatikana na kosa lolote, hata kosa la mumewe ambaye sijui aliko, nitakayeshikwa ni mimi. Mutiso anasema nimeichezea kazi yake. Huenda ni kweli. Sijutii, na nikiitwa tena nitatia sahihi tena.

Kwa hiyo usinitumie neno lingine la kuwaleta watoto. Nisalimie shangazi na wenzako wa kanisani, na ukipenda waambie yote haya. Unapomwombea wajina wako, mtaje na Bare. Wakichukuliwa yeye na mama yake, huyu wako hamalizi wiki.

Ni mimi binti yako asiyesikia,
Loise