Aliyebaki Amesimama

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mwanao, na kwamba zamu za hospitali hazijakumaliza mgongo. Sisi huku miili haijambo. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, ila anasema yanamsumbua zaidi akiulizwa. Mdogo wetu wa mwisho na mkewe hawajambo. Mimi naendelea na saluni yangu ya viti viwili, na leo sina mteja hata mmoja, maana wote niliwamaliza kabla ya sikukuu.

Najua umefungua kifurushi kabla ya barua. Ndivyo ulivyo tangu utotoni, huna subira. Basi tafadhali kiweke pembeni kwanza, usome hii hadi mwisho. Nikikuambia kwa simu utakata, na Mama amesema jambo hili nikuandikie mimi mwenyewe, tena lote.

Jambo lenyewe ni Shangazi. Dada, nimemlipa! Nimemlipa mchana kweupe, mbele ya mchungaji na mkewe, mbele ya kuku wawili wa kuokwa. Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nimekaa na hamu hii miaka kumi na moja na sitaki kuimeza kwa mkupuo mmoja.

Huhitaji kukumbushwa meza yetu ya Krismasi, ila nitakukumbusha, nataka uone nilivyopanga. Tukishatoka kanisani kila mtu anasimama nyuma ya kiti chake. Inafunguliwa Biblia ya Babu, ule ukurasa wa mbele wenye majina ya ukoo, na majina yanasomwa kwa mpangilio wake. Aliyeitwa anasema nipo, anakaa. Likisomwa la marehemu wote tunasema yuko kwa Bwana. Hakuna kugusa chakula mpaka wa mwisho aketi. Babu aliianzisha ili ajue nani hajafika, maana alikuwa na wanawe watoro, lakini kwetu ikawa kama sheria ya Musa.

Mwaka ule ulisimama nyuma ya kiti chako na tumbo lako la miezi mitano, pete huna, ndoa huna. Baba akasoma jina la Mama, Mama akakaa. Akafika kwenye lako. Limepigwa mistari. Akamtazama dada yake, akasoma la kwangu. Wewe ukabaki umesimama peke yako, Shangazi akafumba macho akaombea chakula kana kwamba hapo ulipo pana pazia. Ulipotoka mlangoni alikuwa bado hajafika amina.

Baba hakuweza kumpinga, hilo unalijua. Shangazi ndiye aliyemsomesha, na alikuwa akimkumbusha kila mwezi kama mtu anayekumbusha kodi ya nyumba. Ukaniambia hutakanyaga nyumba hii mpaka jina lako liitwe pale mezani, na umeshika neno. Hata tulipomzika Baba ulisimama nyuma kabisa na watu wasiotujua, ukaondoka bila kunywa maji. Shangazi ndiye akarithi kusoma. Miaka minane amesoma yeye, akifika kwako anavuta pumzi kidogo tu, kama anayeruka kidimbwi asichafue viatu. Kila mwaka nilimtazama nikasema moyoni, subiri, Askofu, subiri. Sisi watoto bado tunamwita Askofu, kwa siri.

Mwaka huu macho yamemwangusha. Ana mtoto wa jicho, daktari amempangia upasuaji mwezi wa pili. Sasa sikia. Siku nne kabla ya Krismasi mimi sina mgongo wala miguu, kanisa zima linataka kwenda kuimba na vichwa vipya. Mkesha asubuhi, Shangazi huyo. Akawapita wanawake waliokuwa kwenye foleni kana kwamba foleni ni ya wenye dhambi, akakaa, akaagiza rola ndogondogo na rangi ya kufunika mvi.

Kichwa chake kikawa mikononi mwangu, Dada, na kopo la dawa ya kulainisha nywele liko hapo karibu. Shetani akaninong'oneza nimpake na kumwachia nusu saa, atoke na upara unaong'aa kuliko nyota ya mamajusi. Nikamkatalia, si kwa utakatifu, ila kwa sababu nywele huota tena. Nilitaka kitu kisichoota. Nikamsuuza vizuri, nikamkausha kwa ile drayer uliyonitumia wewe, ile ambayo juu ya boksi lake uliandika kwamba ni zawadi ya mtu pekee aliyebaki upande wako.

Akiwa chini ya drayer akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa cheo, kwamba mwaka huu nitasoma mimi. Mchungaji mpya na mkewe wamealikwa na yeye hataki kubabaika mbele yao. Nikasema ndiyo Shangazi, asante Shangazi. Loo! Moyo ulikuwa unacheza kuliko kwaya ya vijana. Najua imeandikwa kisasi ni cha Bwana, lakini msimu huu Bwana ana shughuli nyingi, nikaona nimpunguzie.

Krismasi yenyewe ilianza vizuri. Mama alikuwa amefua mapazia na vitambaa vya makochi mpaka vikapauka. Mti wetu ni uleule wa plastiki, mguu mmoja umekatika, tumeufunga dirishani kwa kamba. Mdogo wetu, fundi umeme mzima, akauwekea taa, akawasha, nyumba yote ikazimika. Akarekebisha, ikazimika tena. Mkewe akasema ndiyo sababu kwao wanatumia mshumaa. Tulicheka, hata Mama alicheka, na Shangazi akaingia na gauni jipya la kola ya lesi na nywele nilizompanga mimi kwa mikono yangu.

Tukasimama nyuma ya viti. Nikafungua. Nikasoma la Babu, wakasema yuko kwa Bwana. Nikasoma la Bibi, vilevile. La tatu ni la Shangazi. Nililitazama likanitazama. Nikalivuka, nikasoma la Baba.

Shangazi alikuwa ameshavuta kiti. Mkono ukaganda kwenye egemeo. Nadhani alifikiri nimeteleza, akasubiri nirudi. Sikurudi. Nikasoma la Mama, akaitikia kwa wasiwasi, akakaa huku akinikodolea macho. Nikajisoma mwenyewe, nikaitikia. Nikamsoma mdogo wetu na mkewe. Wageni nikawakaribisha viti kwa heshima zote, kisha nikafunga kitabu.

Dada, ungekuwepo! Nywele zimekaa sawasawa, lesi imekaa sawasawa, ila mwenyewe hana pa kukaa. Mke wa mchungaji akaanza kukunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunja mpaka kikawa kama stempu. Nilimwacha. Nilimwacha muda uleule uliosimama wewe, sekunde kwa sekunde, na siwezi kukudanganya, ulikuwa mtamu kuliko keki. Kisha nikamwambia kwa adabu zote kwamba nimesoma kwa mtindo niliofundishwa na wakubwa, na kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nilitegemea afoke, au alie, au presha impande. Hakufanya hata moja. Alimgeukia mchungaji, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Akasema asinishangae, kazi hii sikuianza leo. Akasema nilipokuwa na miaka kumi na minne yeye alinipa kalamu, akaniambia nipige mstari mmoja juu ya jina la dada yangu, nami nikaenda kutafuta rula bila kuambiwa, nikapiga miwili.

Hapo ndipo ulipo ukweli, Dada. Rudia kusoma ukitaka, hautabadilika. Ni mimi.

Shangazi aliamuru, na hilo atalijibu mwenyewe. Lakini aliponiita chumbani kwake hakunipiga wala kunitisha. Alisema kama sitaki niseme, yeye atafanya. Sikusema kitu. Wiki ile, sijui kama unakumbuka, ulikuwa umewaambia wenzako wa kwaya kwamba mimi bado nakojoa kitandani. Ulisema kwa utani, wakati mnapumzika, mkasogea kwenye wimbo mwingine. Mimi sikusogea. Mpaka leo naweza kukuambia nani alicheka na alikuwa amekaa benchi la ngapi. Wakanibatiza Kikojozi, mpaka yule kijana wa besi niliyekuwa nikimwandikia barua nisizomtumia naye akaniita hivyo, mlangoni mwa kanisa. Niliapa nitakulipa. Siku tatu baadaye nikapewa kalamu, nikadhani Mungu amenijibu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Shangazi. Wa pili ni wangu.

Nilidhani utalia, utaomba msamaha, watakuvutia kiti. Nilikuwa mtoto, hilo naweza kusema. Lakini nilipokuwa mtu mzima sikuwa mtoto, na kila uliponiuliza ni mkono wa nani nilikujibu ni wa Shangazi. Drayer yako nikaipokea. Maneno yaliyo juu ya boksi nikayabandikia bango la bei za kusuka nisiyaone. Nilimchukia Shangazi kwa nguvu zangu zote, maana nisingemchukia yeye ningebaki namchukia nani?

Mama aliniuliza kama ni kweli, nikasema kweli. Hakunipiga, bora angenipiga. Alisimama, nasi wote tukainuka. Akasema mwaka ule yeye aliitwa akakaa, na mwanawe wa kumzaa amesimama mbele yake na mimba, na kile kiti kinamchoma mpaka leo. Akamwambia Shangazi akitaka akae, akitaka asimame, ila majina hayatasomwa tena na yeyote kati yetu tuliokuwemo siku ile. Akaninyang'anya kitabu, akaenda nacho chumbani. Kuku tulikula tumesimama, mchungaji na paja lake mkononi akitafuta pa kuweka mfupa. Hakuna aliyethubutu kukaa.

Kesho yake Shangazi alikuja, wakafungiana na Mama mchana kutwa. Alitoka macho mekundu, akanipita uani bila neno. Nilijipapasa moyoni nitafute huruma, sikuipata. Labda bado. Na mimi Mama ananipa chakula, ananiambia chumvi iko wapi, basi.

Sasa kifurushi. Hiyo ndani ya kitambaa cha meza ni Biblia ya Babu. Nilitaka niandike upya jina lako, Mama akakataa, akasema aliyefuta hawezi kujifanya mwandishi, na yeye aliyekaa pia hana haki hiyo. Kwa hiyo ukifungua utaliona lilivyo. Mama amesema kuanzia sasa kitabu ni chako, na Krismasi ijayo utasoma wewe. Unaandika unayemtaka, unafuta unayemtaka, na hakuna atakayekuuliza. Mwanao hajaandikwa. Chini kabisa kuna nafasi. Usipokuja, Mama ameapa tutasimama mwaka huo, na mwaka unaofuata, mpaka yeye mwenyewe asomwe pamoja na wale walio kwa Bwana.

Sikuombi unisamehe. Mimi katika nafasi yako nisingesamehe, na unanijua. Jina langu linafuata lako, lile safi lisilo na doa. Ukiamua kulivuka, livuke. Nitakuwa nimesimama pale pale, wala sitamtazama mtu mwingine.

Msalimie sana mwanao. Mwambie anaye mama mdogo, na mengine utaamua mwenyewe umwambie lini. Mama anakusalimu, anauliza kama mtoto anapenda paja au kidari. Mdogo wetu na mkewe wanakusalimu. Shangazi hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Ni mimi mdogo wako,

Kikojozi