Neno Refu na Nafasi Moja

Keko,
Dar es Salaam.
11 Machi 1952

Mpendwa Mjomba Sadallah,

Shikamoo. Huko Kilwa mmeamkaje, na kifua chako kimepoa? Sisi ni wazima, ila mimi chakula hakipiti. Barua hii nimeiacha mara kadhaa nikatoka kutembea, basi usiucheke mwandiko.

Jana nilifanya mtihani wa ukarani katika kampuni moja ya malori. Nafasi ni moja tu. Nikiikosa narudi kupiga randa kwa fundi Bakari, na vumbi la mbao unajua linavyonibana pumzi.

Tulitakiwa kusoma Kiingereza mbele ya Mzungu na kueleza maana. Aliyenifundisha ni Leonardi, kijana wa Bukoba ninayekaa naye chumba kimoja. Maneno marefu yalikuwa yakinitisha. Akachukua chaki, akaandika “transportation” juu ya ubao wa kabati, akalikata kwa matamshi: trans-por-ta-tion. Kisha akalikata upya kwa maana: “trans” ni kuvuka upande wa pili, “port” ni kubeba, na mkia wake unalifanya kuwa jina la kazi yenyewe.

“Usilimeze zima,” akaniambia. “Hata muwa unaliwa pingili kwa pingili.”

Mbele ya Mzungu likaja neno lilelile. Nikaanza kuyumba na kuvuta sauti, kama ulivyotusomesha Kurani chuoni kwako. Akaniambia nitulie. Nikatulia, neno likapotea. Nikayumba tena, likarudi, nikalisoma na kulieleza. Karani wa pembeni alificha kicheko, lakini Mzungu aliandika tu. Fimbo yako, Mjomba, haijatoka mgongoni.

Aliyeingia baada yangu ni Leonardi. Naye anaitaka nafasi hiyohiyo, maana mama yake mjane anamtegemea. Asubuhi kaniuliza, “Wewe, ulilieleza lote?” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Vizuri,” akaenda kufua shati ambalo halina uchafu.

Inaniuma, Mjomba. Namtakia heri, kisha najikuta naomba akose. Sikai, silali, na majibu ni mwisho wa mwezi.

Nisalimie mama, Bibi Chausiku na watoto wote wa chuo. Mungu akupe pumzi ya kuwasomesha mpaka wakuchoke.

Ijumaa ukiniombea dua, jina langu usilitaje. Omba nafasi ziwe mbili.

Wako akupendaye daima,
mpwa wako,
Mwinjuma