Namba Tasa Zako, Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Jana tulikusomea hitima ya arobaini. Wageni wameondoka Ujiji, na mama yako hataki chumba chako kifagiliwe.

Nimefungua katika kompyuta yako kile kijitabu cha hesabu ulichokuwa ukiwaandalia wanafunzi wako wa Mwamgongo. Ulikuwa ukishuka Kibirizi kupanda boti, umebeba kompyuta hiyo ndani ya ndoo yenye mfuniko, isilowe ziwani. Mara ya mwisho ulikaa barazani ukaniita: "Baba, njoo uone! Namba tasa sikuziandika. Nimetunga amri, kitabu kinazitafuta chenyewe kompyuta inapokipanga kurasa." Ukanieleza kwamba kila namba inagawanywa kwa zilizo ndogo kuliko yenyewe, kuanzia mbili; isipogawanyika kamili kwa yoyote, inaandikwa ukurasani. Nikakujibu, "Ziandike kwa mkono, uache mchezo." Sikuinuka kitini. Ukacheka: "Haya, mwalimu mkuu." Homa ikakuchukua kabla hujamaliza.

Nilitaka kukusahihishia, kama nilivyowasahihishia watu maisha yangu yote. Katikati ya amri zako niliona mstari ulioanza kwa alama ya asilimia. Nikaona alama hiyo ni uchafu, nikaifuta. Sikujua kwamba ndiyo iliyouficha mstari usichapwe. Kwamba yalikuwa maneno yako mwenyewe, ya kujikumbusha.

Nikachapa. Mbili. "Baba akiuliza kwa nini namba moja haimo, nimweleze polepole, asione aibu." Tatu. "Baba akiuliza kwa nini namba moja haimo..." Tano. Kila mara mashine ilipopata namba tasa, ilirudia maneno yako. Chini ya mia zipo ishirini na tano, Zuhura. Mara ishirini na tano.

Nami sikukuuliza. Hata mara moja.

Watoto wanahitaji ukurasa safi, kwa hiyo niliirudisha alama. Ukurasa ukasafika, nawe ukanyamaza. Nililia mbele ya mama yako. Hakuwa amewahi kuniona nikilia.

Kwaheri, mwanangu. Mola akupokee kwa upole ambao mimi sikukuonyesha. Jumatatu nitapanda boti kupeleka vijitabu vyako Mwamgongo. Nitaketi dawati la nyuma, katika darasa lako, nimuulize mwalimu aliyeshika nafasi yako kwa nini namba moja haimo. Nitauliza kwa sauti, watoto wakinisikia.

Baba yako