Kiti cha Olena

Mke wangu Wambui,

Nimekasirika. Ulizoea kuniambia nikae kwanza, ninywe chai, ndipo niseme. Chai nimeinywa na hasira haijaisha.

Unakumbuka siku Daudi wetu alipomleta mkewe Olena hapa Kiamunyi, wakiwa wamekimbia mabomu ya Kharkiv, mji wa kwao Olena, ambako Daudi alisomea na kuoa? Olena alikuwa na mkoba mmoja, na miguuni viatu vya theluji katika jua letu. Kanisa zima lilikuja na kuku, mablanketi na sukari. Waliomba, wakaimba, wakapiga picha naye. Wewe ulisimama mlangoni ukaninong'oneza, "Kumpa vitu watachoka. Kumwona mwenzao wataanza lini?"

Uliyajua hayo kwa sababu yalikupata. Tulipofukuzwa shambani kwetu karibu na Sachangwan, kule Molo, tukaishia katika chumba kimoja cha kupanga mtaani Kaptembwo, majirani walituletea unga, nawe uliula ukilia. Kisha kukawa na matanga kwenye ploti ile. Mama mmoja ambaye hata jina lako hakulijua alikutupia kisu, akakufokea, "Wewe wa Molo, unasimama hapo kama nguzo? Menya waru!" Ulirudi jioni vidole vikiwa vyeusi kwa maganda ya viazi, ukaniambia, "Baba Daudi, sasa tumehamia."

Basi sikiliza waliyoyatenda kwenye mazishi yako. Olena ndiye aliyekuogesha ulipokuwa huwezi kuinuka kitandani. Ndiye aliyejua ufunguo wa stoo unafichwa wapi. Siku hiyo alijifunga leso, akaenda nyuma ya nyumba, wanawake walikokuwa wakimenya viazi. Dada yako Shiru akamshika mkono na kumtoa. "Hapana, hapana, wewe ni mgeni wetu. Utachafuka." Wakamketisha mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa, soda mkononi, miongoni mwa watu wasiokujua. Mkaza mwanao! Alikuzika kama mpita njia.

Wala hawakukoma. Harusini, kiti. Siku ya mavuno kanisani, kiti. Sokoni wanamwuliza kwa tabasamu, "Na utarudi lini kwenu?" Nyumba yao huko ni kifusi. Nao wanadhani hiyo ni adabu!

Mwezi uliopita aliniambia, kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe, "Baba, dada yangu yuko Poland. Ananiita, na Daudi amekubali twende. Watu wa hapa ni wazuri sana, lakini nimechoka kuwa mgeni."

Jumamosi tulifanya ibada ya kukukumbuka. Nilipotoka nje, kiti kilikuwa tayari, kimefunikwa kitambaa chake. Nilikibeba mbele ya mchungaji, nikakifungia stoo. Nikachukua kile kisu chako cha mpini wa mti, nikampa Olena, nikaenda naye hadi kwenye masufuria, mahali ambapo mwanamume wa rika langu hana shughuli.

"Mzee, umepotea?" Shiru akaniuliza, na wenzake wakacheka.

"Sijapotea. Huyu alimwogesha dada yako. Atakayemwita mgeni tena, leo akale kwake."

Kicheko kilikatika. Olena akaketi juu ya debe, akaanza kumenya. Nilirudi hadi kwenye kona ya nyumba, nikasimama hapo nikisikiliza. Wanawake walikuwa wameudhika, nami nikadhani nimeharibu kila kitu.

Ndipo Shiru akapaza sauti. "Ngai! Olena, hilo ni ganda ama ni chakula? Unatupa nusu ya kiazi! Kwenu mlikuwa matajiri aje?"

"Kisu cha mama ni butu, aunti," Olena akamjibu. "Menya na hiki, tuone kama utanishinda."

Wakaangua kicheko, Shiru wa kwanza. Ulistahili kukisikia, Wambui. Kilistahili kusikika siku tuliyokuzika, na hilo sijalisamehe.

Habari za Poland sikumwuliza, na yeye hakuzitaja. Lakini leo asubuhi Shiru amepiga simu akiwa na haraka: kuna matanga kwa jirani yake, Olena aje mapema, asilete uvivu wa wazungu. Olena amekuja kuniuliza ulikuwa ukiliweka wapi jiwe la kunolea.

Pumzika, mke wangu. Nakwenda kumwonyesha.

Mumeo,
Baba Daudi