Funda la Maji la Mwadime

Jumatatu, 4 Machi 1957
Mlio wa viatu vya Mwakio kwenye saruji ya kanisa haujanitoka. Misumari ya soli. Jana aliingia ibada ishaanza, amevaa sare ya askari jela, na benchi zima likasogea mbali naye. Hakuna aliyemtazama. Mimi ni dada yake na nilisogea pia.
Leo nimefundisha hesabu, darasa la tatu. Nimekosea ubaoni mara mbili.

Jumatano, 6 Machi
Kikao nyuma ya duka la Fundi Salim, mshonaji, hapa Voi. Watu saba. Tunajiita wasoshalisti, majirani wanadhani ni kisomo cha watu wazima. Nimefikisha ombi la Mwakio: anataka kuingia, yeye na askari jela wenzake. Wana malalamiko. Vyumba vya bati, posho mbovu, matusi ya wakubwa.
Salim alifurahi mno. “Bila hao vijana, serikali ni wazungu wachache wenye kofia!”
Mwadime, mkata mkonge wa Mwatate, aliinua mkono wa kushoto, ule usiokunjika. Walimfunga baada ya mgomo, mkono ukavunjwa humo jela. Rungu lilikuwa la Mwakio. Sote tunajua.

Ijumaa, 8 Machi
Situlii. Askari ni mfanyakazi? Anauza nguvu zake kama Mwadime. Lakini Mwadime anatoa katani. Mwakio anatoa watu walionyamaza.
Na mimi je? Tangu baba afe, mshahara wa Mwakio ndio unaomlisha mama na wadogo zetu. Ndio uliolipa karo yangu. Mwezi wa Mei naenda chuo cha ualimu, miaka miwili bila kipato, kwa sababu yeye yupo.
Rungu lile lilinisomesha. Nachukia kuiandika sentensi hiyo. Ni kweli.

Jumapili, 10 Machi
Wusi, nyumbani. Mwakio mwenyewe aliomba tutase, kama walivyofanya mababu zetu Wataita: mwenye kinyongo anapiga funda la maji, anasema maneno ya heri, anayapuliza maji nje na hasira inatoka nayo. Kanisani tumeambiwa tuache. Hakuna aliyecheka.
Mwadime alikuja. Sikutegemea. Mama akaleta kibuyu. Mwakio akavua viatu, akasimama pekupeku.
“Kaka, nilikupiga. Niliamriwa, lakini mkono ulikuwa wangu.”
Mwadime akapiga funda. Tukangoja. Mashavu yamejaa, macho kwa Mwakio.
Akameza.
“Nilikuwa na kiu,” akasema. Akamrudishia mama kibuyu kwa mikono miwili, mmoja umekakamaa. “Asante, mama.” Akateremka mlima.
Mama alilia. Mwakio alikaa chini kufunga kamba za viatu, akachukua muda mrefu.

Jumanne, 12 Machi
Kikao kimepiga kura kuhusu Mwakio: tatu kwa tatu. Yangu imebaki; nimeomba hadi Jumamosi. Salim anasema siasa si kinyongo cha mtu mmoja. Huenda. Ila mkono ni wa mtu mmoja.

Alhamisi, 14 Machi
Nimemvizia Mwakio sokoni. Nikamuuliza: ukiamriwa kesho umpige mtu, na wewe ni mwenzetu?
Alifikiri. “Nitapiga polepole,” akasema, akacheka.
Sikucheka. Akaacha.
“Basi nivue sare? Mama ale nini, dada? Vitabu vyako?”
Nimerudi chumbani kwangu kwa hasira, sijui kwa nani. Kwangu, nadhani.

Jumamosi, 16 Machi
Nimepiga kura ya hapana. Askari aje akiwa amevua sare. Akivua, mlango uko wazi. Salim ameniita mtoto wa misheni, hanisemeshi. Mwadime hakunishukuru. Vizuri. Sikumfanyia yeye.
Rahisi sana kumwambia mtu avue wakati amebeba nyumba nzima.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua tangu alfajiri. Watoto wamekuja wamelowa, tumeimba hadi wakapata joto.
Asubuhi, kabla ya kengele, nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nimemwambia chuo siendi. Nitabaki na darasa la tatu, na mshahara wangu utapanda Wusi kwa mama kila mwezi. Alinisihi nifikirie. Nikamwambia nimeshafikiri. Kufikia saa sita nafasi yangu ilikuwa ya msichana mwingine.
Mwakio hajui. Nitamwambia Jumapili, na nitakaa naye benchi moja, avae atakachovaa. Kuvua ni kazi yake.
Madaftari yote yamesahihishwa.